Amri Iandikwe, Sahihi Ionekane

Katiba ya Kenya ina kifungu kimoja kifupi ambacho wanasiasa hawana mazoea ya kukinukuu jukwaani. Ni Ibara ya 245, kifungu kidogo cha tano. Kinasema kwamba agizo lolote ambalo waziri anayesimamia polisi anampa Inspekta Jenerali sharti liwe kwa maandishi. Si kwa simu, si kwa kunong'onezana koridoni baada ya kikao, wala si kwa kipaza sauti mbele ya kamera. Kifungu kinachokitangulia kimeweka mpaka mkali zaidi: waziri anaweza kutoa maelekezo ya sera, lakini hakuna mtu, awe na cheo gani, anayeruhusiwa kumwambia Inspekta Jenerali ni kosa gani lichunguzwe au sheria itekelezwe dhidi ya nani.

Tarehe 26 Juni 2025, siku moja baada ya maandamano ya kuwakumbuka vijana waliouawa mwaka uliotangulia, Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen aliwatangazia wanahabari kwamba polisi wameelekezwa kumpiga risasi yeyote atakayekaribia kituo cha polisi. Lawama zilipommiminikia, alijitetea kwamba hakuwa akitoa amri bali akieleza tu sheria inavyosema. Haikupita wiki mbili, Rais William Ruto naye akasema kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitali, kisha mahakamani.

Tuseme kuna konstebo kijana aliyepangwa zamu kando ya barabara ya Thika, bunduki mkononi, na maneno yote mawili ameyasikia redioni. Anafyatua. Mtu anakufa. Nani atasimama kizimbani?

Historia inajibu bila kusitasita: konstebo huyo, kama ana bahati mbaya. Kama anayo nzuri, hakuna.

Baada ya kila umwagaji damu wa aina hii, viongozi wa dini, wabunge na wahariri hukutana katika sentensi moja: sote tunawajibika. Polisi wajirekebishe, vijana watulie, wazazi wawaonye watoto wao, vyombo vya habari vipunguze makali. Si uongo. Ila ni ukweli ulioachwa bila hesabu. Kwenye harambee ya matanga daftari husomwa jina kwa jina: fulani elfu mbili, fulani mia tano, fulani ameahidi na hajaleta. Hakuna mweka hazina anayethubutu kusimama na kusema tu kwamba sote tumechanga. Kwa vijana waliopigwa risasi barabarani, Kenya imekubali daftari lisilo na majina.

Na idadi si ndogo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya watu 60 waliouawa katika maandamano ya 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha na katika wiki zilizofuata. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Juni 2025, ilihesabu vifo 19. Siku ya Saba Saba, tarehe 7 Julai, vilizidi 30. Orodha ya waliokufa ipo, na wazazi wao wanajulikana hadi vijiji walikotoka. Orodha ya waliofyatua ndiyo haipo, na ile ya walioamuru haijawahi hata kuanzwa.

Mambo haya yalikwisha kuonekana zamani. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133. Kati ya hivyo, 405 vilitokana na risasi, yaani zaidi ya theluthi moja. Katika nchi ambayo raia wa kawaida hana bunduki, hesabu hiyo haikuhitaji ufafanuzi mrefu. Tume ilipendekeza kuwe na chombo cha kiraia cha kuwachunguza polisi, kisichokuwa chini ya polisi wenyewe. Ndivyo ilivyozaliwa IPOA, Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, kwa sheria ya 2011, ikaanza kazi Juni 2012. Kamishna wa Polisi wa wakati wa ghasia, Meja Jenerali Hussein Ali, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, lakini Januari 2012 majaji walikataa kuidhinisha mashtaka dhidi yake. Vifo 405 kwa risasi, na ngazi ya juu ikabaki tupu.

Tangu hapo IPOA imepokea maelfu ya malalamiko. Hukumu za hatia ilizosaidia kupatikana hazijafika mia moja. Wapo wanaoicheka kwa hilo, lakini afadhali kwanza watazame inavyofanya kazi. Mchunguzi wake anahitaji daftari la matukio la kituo, daftari la silaha linaloonyesha nani alichukua bunduki gani na risasi ngapi, na ripoti ya mkuu wa kituo. Vyote vitatu vimo mikononi mwa watu anaowachunguza. Mkuu wa kituo akisema daftari halionekani, mchunguzi arudi wiki ijayo, wiki ijayo huwa mwezi.

Kesi zinazofika mwisho zinafundisha kitu. Wakili Willie Kimani aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake na dereva wa teksi waliyokuwa wamepanda, wakitoka mahakamani Mavoko. Mteja huyo alikuwa amemshtaki askari. Ilichukua zaidi ya miaka sita kufika Februari 2023, Jaji Jessie Lessit alipotoa adhabu: kifo kwa askari Fredrick Leliman, na vifungo virefu kwa askari wengine wawili na raia mmoja aliyekuwa mtoa habari wao. Ilikuwa ushindi mkubwa wa haki, na mawakili walistahili kuusherehekea. Hata hivyo wote walioadhibiwa walikuwa watu wa chini kabisa katika ngazi ya amri.

Kesi ya Kisumu ndiyo iliyojaribu kupanda ngazi hiyo. Agosti 2017, usiku polisi walipokuwa wakiwasaka waandamanaji nyumba kwa nyumba baada ya matokeo ya uchaguzi, mtoto wa miezi sita alipigwa rungu mikononi mwa mama yake, akafa siku chache baadaye. Februari 2019 hakimu aliyeongoza uchunguzi wa kifo hicho aliwatwika polisi lawama, wakiwemo makamanda waliopanga operesheni. Oktoba 2022 aliyekuwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Noordin Haji, aliidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu kwa kutumia Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa. Maana yake ilikuwa kubwa: kamanda angejibu si kwa kushika rungu, bali kwa kujua, au kupaswa kujua, walio chini yake walikuwa wakifanya nini. Miaka miwili baadaye washtakiwa walikuwa bado hawajajibu mashtaka. Tarehe zilikuwa zikisogezwa tu.

Sheria yenyewe haina upungufu. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema wazi kwamba kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Linasema askari mwenye sare abandike jina lake au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Linataka nguvu zinazosababisha kifo au jeraha kubwa ziripotiwe mara moja ili IPOA ichunguze. Mtu akilisoma jedwali hilo, kisha akatazama picha za maandamano ya Nairobi, atadhani ni nchi mbili tofauti. Katika picha wamo watu wenye jinzi, raba na barakoa, bunduki mkononi, wakishuka kutoka gari lisilo na namba. Mlango wa lori lililo nyuma yao umeandikwa kaulimbiu ya polisi, Utumishi kwa Wote.

Agosti 2024 Jaji Bahati Mwamuye aliamuru askari wanaosimamia maandamano wavae sare na wasifiche nyuso. Mwaka uliofuata barakoa zilikuwa bado zipo barabarani. Na pale ambapo vyombo vya dola havikumtambua mfyatuaji, waandishi wa BBC walikaa na picha na video zaidi ya 5,000 za tarehe 25 Juni 2024, siku Bunge lilipovamiwa, na katika filamu yao ya Aprili 2025 wakaonyesha ni nani walioelekeza bunduki kwa waandamanaji wasio na silaha. Serikali inayomiliki bunduki, daftari la bunduki na mishahara ya walioshika bunduki ilishindwa na chumba cha wahariri kilicho London.

Lakini kisa kinachoonyesha ugonjwa huu vizuri zaidi hakikutokea barabarani. Agosti 2024 wanaume watatu walitekwa Kitengela. Mahakama Kuu ilimtaka Kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli afike aeleze walipo. Aliitwa mara saba. Mara saba hakufika. Safari moja yuko Mombasa, safari nyingine ana shughuli nyingine, na badala yake wanatumwa wasaidizi. Tarehe 13 Septemba Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama, akampa siku saba za kujirekebisha. Siku chache baadaye walinzi wa jaji huyo waliondolewa. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba walikuwa wameitwa mafunzoni. (Mafunzo hayo yalijua kuchagua siku.) Jaji Mkuu Martha Koome alipaza sauti, akisema uhuru wa mahakama umeguswa. Waliotekwa waliachiliwa wakiwa hai baada ya takriban mwezi mmoja, Masengeli akafika, akaomba radhi, na adhabu ikaondolewa.

Wengi walisoma kisa hicho kama tamthilia ya wakubwa wawili. Konstebo alikisoma kwa namna nyingine. Alijifunza kwamba mkuu wa polisi anaweza kukataa wito wa mahakama mara saba na akarudi ofisini, na kwamba anayemkemea anaweza kubaki mlangoni bila mlinzi. Baada ya somo hilo, semina ya haki za binadamu pale chuo cha polisi cha Kiganjo inamfundisha nini?

Juni 2025 somo lilirudiwa kwa ukali. Mwalimu kijana alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi mtandaoni kuhusu Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat, akasafirishwa kwa gari mamia ya kilomita hadi Nairobi, na alfajiri ya tarehe 8 alikuwa maiti aliyetolewa katika seli ya Kituo Kikuu cha Polisi. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Daktari wa serikali aliyeupasua mwili, Bernard Midia, alikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini, akasema si rahisi mtu kujifanyia hayo. Tarehe 11 Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa taarifa ile ya mwanzo, akisema ndivyo alivyoarifiwa. Kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Mkuu wa kituo, askari wengine wawili na raia watatu walishtakiwa kwa mauaji, na kesi yao ni ya mahakama kuamua. Lagat alikaa kando wiki chache akarejea kazini bila kushtakiwa.

Ni haki kabisa mtu asishtakiwe pasipo ushahidi, hata akiwa mkubwa. Hoja ni nyingine. Kati ya malalamiko ya mkubwa mmoja Nairobi na safari ya mahabusu kutoka Homa Bay kuna mlolongo wa maagizo: aliyesema akamatwe, aliyesema aletwe Nairobi asipelekwe mahakama ya karibu, aliyeamua alale kituo kipi. Kama kila agizo lingekuwa na karatasi na sahihi, IPOA isingehitaji miezi ya kukisia. Na asiye na hatia, mkubwa kwa mdogo, angekuwa na karatasi ya kumtetea.

Hili la mwisho halisemwi vya kutosha. Amri iliyoandikwa humlinda askari. Kikosi kazi kilichoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, kilichokabidhi ripoti yake Novemba 2023, kilizunguka nchini na kukuta huduma iliyochakaa: mishahara midogo, nyumba za aibu, upandishaji vyeo unaonuka rushwa, askari wenye msongo wa mawazo ambao hawana pa kuusemea. Ni jambo la kawaida familia mbili za askari kugawana chumba kwa pazia. Juni 2024 afisa mmoja alipoteza mikono yote miwili kwa kitoa machozi kilichomlipukia jijini Nairobi. Yeye pia ana madai dhidi ya mtu, ila nani? Aliyenunua vitoa machozi? Aliyempa bila mafunzo? Hilo nalo linahitaji daftari lenye majina.

Waandamanaji nao wana ukurasa wao. Tarehe 25 Juni 2025 vituo kadhaa vya polisi vilichomwa, na mjini Kikuyu waliteketeza mahakama. Ndani ya jengo hilo mlikuwa na majalada ya mirathi, ya talaka, ya watu waliodhulumiwa mashamba, ya mahabusu wanaosubiri kesi. Kijana anayedai haki kisha anachoma masijala ya haki hawezi kujificha nyuma ya machungu ya wenzake waliouawa, na anayeliona tendo hilo kuwa ushujaa anawadhulumu maelfu ambao siku hiyo walitembea na bendera na chupa ya maji tu. Ibara ya 37 inalinda wanaoandamana kwa amani na bila silaha. Maneno hayo mawili hayakuwekwa kwa kupamba.

Ila kosa la moto lina mtu wake, kama risasi ilivyo na mtu wake. Ndiyo maana kuwafungulia vijana kwa makumi mashtaka ya ugaidi, kana kwamba mwizi wa sukari dukani na mpangaji wa mashambulizi ni ndugu, si uwajibikaji. Ni kuchota kwa mkokoteni. Shahidi wa kweli huonyesha kidole kwa mtu mmoja, na mwendesha mashtaka makini hutafuta shahidi huyo.

Halafu kuna kundi la tatu, ambalo halina sare wala bango. Tarehe 17 Juni 2025 wanaume waliobebwa kwa pikipiki, wenye marungu na mijeledi, waliingia katikati ya Nairobi wakawapiga waandamanaji huku polisi wakiwa karibu. Tarehe 6 Julai genge kama hilo lilivamia ofisi za shirika la kiraia la Kenya Human Rights Commission, akina mama walipokuwa wakizungumza na wanahabari. Wahuni wa kukodiwa hawajipi nauli. Kuna aliyelipa bodaboda, aliyegawa marungu, aliyeahidi kwamba hakuna atakayewagusa. Katika hesabu yote ya maandamano, huyu mlipaji ndiye asiyetafutwa kabisa, na wanasiasa wa pande zote wanaelewa kwa nini.

Wabunge wanapenda kuuliza maswali makali siku kamera zikiwepo. Wajiulize pia kuhusu sheria ya wachunguzi wa vifo vya kutatanisha, waliyoipitisha wenyewe 2017. Ingeunda ofisi huru ya kuchunguza kila kifo cha mahabusu na kila kifo cha risasi ya polisi, ili jamaa wasitegemee bahati ya kupata daktari jasiri. Ilipofika 2024, miaka saba baadaye, ofisi hiyo ilikuwa haijafunguliwa. Badala yake kulikuja mapendekezo ya kuwabana waandamanaji, kama ule mswada wa 2025 wa kuwazuia wasikaribie Bunge kwa mita 100. Na siku ya tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vya redio na televisheni viache kurusha maandamano moja kwa moja, na baadhi vikazimwa hadi Mahakama Kuu ilipoingilia. Mwenye kutaka watu wawajibike hazimi taa.

Majirani wa kusini wana sababu ya kulitazama hili kwa makini. Tanzania haina chombo mfano wa IPOA. Baada ya ghasia za uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, zilizokuja na amri ya kutotoka nje na kuzimwa kwa intaneti, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, yule yule aliyekwisha kuongoza tume ya haki jinai ya 2023. Tume ya aina hiyo huanza kazi na kumbukumbu za mashahidi. Ingekuwa na kazi nyepesi zaidi kama ingeanza na maagizo yaliyoandikwa.

Agosti 2027 Wakenya watapiga kura, na yeyote aliyeishi nchini humo tangu 1992 anajua miezi ya kabla na baada ya kura ilivyo. Kamati ya Bunge ya Utawala na Usalama wa Ndani ina uwezo wa kumwita Inspekta Jenerali kabla ya hapo na kumtaka awasilishe mezani nakala za maagizo yote ya mawaziri kuhusu maandamano tangu Juni 2024. Ombi hilo halihitaji sheria mpya wala shilingi moja ya bajeti. Kama nakala zipo, zisomwe na waliozitia sahihi waulizwe. Kama hazipo, basi yale yaliyotangazwa Juni na Julai 2025 hayakuwa agizo halali kwa askari yeyote, na Kanja anawajibika kuwaandikia watu wake waraka wa kuwaambia hivyo, kituo kwa kituo, kabla kampeni hazijaanza.